KRS, Tungabhadra, Linganamakki, Supa au Almatti? Mabwawa ya Karnataka kwa mwenye siku chache

Kila mvua zikianza kule kusini mwa India, vijana wetu wanaosoma Bengaluru na Mysuru huniuliza swali lile lile: "Kaka, tuna siku mbili za mapumziko, twende tukaone bwawa gani?" Na si wanafunzi peke yao. Wapo waliompeleka mgonjwa Bengaluru, mgonjwa ameshafanyiwa upasuaji, daktari amesema arudi baada ya wiki mbili, na anayemuuguza hawezi kushinda chumbani akitazama dari siku zote hizo. Wote huwa nawajibu kwa swali: unakwenda mwezi gani?

Mvua inayojaza mabwawa ya Karnataka, jimbo lenye miji hiyo, inaletwa na upepo tunaoufahamu vizuri sisi watu wa pwani. Ni kusi, ile ile iliyokuwa ikisukuma majahazi kutoka Lamu na Zanzibar kwenda Bara Hindi. Inavuka bahari imejaa mvuke, inafika pwani ya magharibi ya India na kukuta safu ya milima ya Sahyadri imesimama mbele yake kama ukuta. Hapo inatua mzigo wake wote. Mvua huanza Juni na kupungua Septemba, na karibu mito yote mikubwa ya jimbo hili huzaliwa kwenye milima hiyo. Kwa hiyo bwawa ulilolikuta Aprili, tope limepasuka na mbuzi wanachunga pale palipopaswa kuwa na maji, ukirudi mwishoni mwa Julai hutalitambua. Watu wengi wanaorudi wakilalamika kwamba "hakuna cha kuona" hawakukosea mahali, walikosea mwezi.

Tumalize kwanza habari ya ukubwa, maana ndiyo inayopotosha watu. Magazeti ya huko hupima bwawa kwa kipimo kinachoandikwa TMC, yaani futi za ujazo bilioni moja, sawa na mita za ujazo milioni 28 hivi. Kwa kipimo hicho Linganamakki lina uwezo wa kuhifadhi 151, Supa 147 hivi, Almatti 123, Tungabhadra karibu 106, na KRS 49. Umeona? KRS, lenye jina kuliko yote, ndilo dogo kuliko yote matano. Ukichagua kwa ukubwa utasafiri usiku kucha kwenda kuona maji mengi yaliyotulia, tena ukiwa nyuma ya geti la walinzi.

KRS, kwa mwenye siku moja

Krishna Raja Sagara, au Kannambadi kama wenyeji wanavyoliita, liko kwenye mto Kaveri, kama kilomita 20 tu kutoka mjini Mysuru. Lilianza kujengwa mwaka 1911 wakati wa Maharaja Krishnaraja Wadiyar wa Nne, mhandisi mkuu akiwa M. Visvesvaraya, na kazi ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ukuta una urefu wa mita 2,621, na mawe yake hayakushikanishwa kwa saruji. Walitumia *surki*, mchanganyiko wa chokaa na unga wa matofali ya kuchoma. Mtu aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe, akaona kuta za chokaa zilizodumu vizazi na vizazi, hatahitaji kuelezwa zaidi. Watu wa Mandya husimulia hadi leo kwamba fedha zilipopungua, vito vya nyumba ya kifalme viliuzwa ili kazi isisimame. Nenda kwenye vijiji vya miwa vya wilaya hiyo utaikuta picha ya Visvesvaraya imetundikwa ukutani pamoja na picha za miungu, na siku yake ya kuzaliwa, Septemba 15, India nzima huiadhimisha kuwa Siku ya Wahandisi.

Ujue mapema kwamba hutaruhusiwa kutembea juu ya ukuta. Njia ile imefungwa kwa wageni kwa sababu za usalama. Utakachoingia ni bustani ya Brindavan iliyo chini ya bwawa, yenye matuta yanayoshuka ngazi kwa ngazi, mifereji ya maji katikati, na chemchemi zinazorushwa kwa muziki na taa usiku. Watoto wanaipenda sana. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa goti au nyonga usimlazimishe, ngazi ni nyingi.

Mimi kilichonigusa KRS hakikuwa chemchemi. Bwawa likijaa hadi futi 124.80, waziri mkuu wa jimbo huja mwenyewe kutoa *bagina* kwa mto. Nilidhani nitaona sherehe ya makaratasi na hotuba. Kumbe kinacholetwa ni ungo, ungo huu huu wa kupepetea mchele, umesukwa kwa mianzi, umepakwa manjano, ndani yake kuna bangili za kioo, nafaka, nazi, kitana na kitambaa cha blauzi, na juu umefunikwa na ungo wa pili. Ni vitu anavyopewa binti anaporudi kwao. Mto unapokelewa kama binti wa nyumbani aliyerudi, na ungo unatupwa majini. Nilisimama pale nikamkumbuka bibi yangu.

Ukielewa ungo ule utaelewa pia kwa nini maji haya yana ugomvi. Kaveri inatoka Karnataka na kuingia Tamil Nadu, na pande hizo mbili zimebishana tangu mikataba ya 1892 na 1924. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya India iligawa: Karnataka TMC 284.75, Tamil Nadu 404.25. Mwaka wa mvua nzuri hakuna anayesikia habari hizi. Mwaka wa ukame, mkulima wa Mandya huziba barabara ya Mysuru, na mgeni asiyefuatilia habari hukwama ndani ya basi. Bengaluru nayo inakunywa Kaveri hiyo hiyo, maji yanasukumwa kwa pampu kutoka umbali wa kilomita 100 hivi na kupandishwa karibu mita 500. Machi 2024, visima vilipokauka Bengaluru na malori ya maji kupanda bei, KRS lilikuwa limeshuka hadi karibu futi 90. Wengi wetu tulioga kwa ndoo nusu bila kujua kwamba tulikuwa tunasubiri mvua ya milima ya Kodagu, Kaveri inakotoka.

Faida kubwa ya KRS ni njia. Unatoka Bengaluru asubuhi kwa treni au kwa barabara mpya ya mwendo kasi, unapita Srirangapatna, kisiwa cha Kaveri ambako Tipu Sultan, mtawala wa Mysuru, aliuawa akipigana na Waingereza Mei 4, 1799, jioni unaona bustani, usiku unarudi. Hakuna bwawa jingine kati ya haya linalokupa hayo kwa siku moja.

Tungabhadra, kwa mwenye siku mbili au tatu

Hili ndilo ninalolipendekeza kwa mtu yeyote mwenye muda, na nitaeleza kwa nini, maana wengi huenda Hampi, kwenye magofu yaliyo jirani, na kulipita bwawa bila hata kugeuza shingo.

Liko Hosapete, ambako treni ya usiku iitwayo Hampi Express inakufikisha ukitoka Mysuru au Bengaluru. Ujenzi ulianza 1945 na maji yakaanza kuhifadhiwa 1953. Wakati wanaanza, mto ulikuwa mpaka: ng'ambo moja ilikuwa ya Nizam, mtawala wa Hyderabad, ng'ambo nyingine ya Madras chini ya Waingereza, na kila upande ulikuwa na wahandisi wake. Wakajenga wote wawili hadi wakakutana. Mipaka ya majimbo ilipochorwa upya 1956, bwawa likabaki na wenye haki zaidi ya mmoja, na leo maji yake yanagawanywa na bodi kati ya Karnataka, Andhra Pradesh na Telangana. Nalo limejengwa kwa chokaa na udongo, bila saruji, lenye milango 33 ya kutolea maji.

Usiku wa Agosti 10, 2024, mnyororo wa mlango namba 19 ulikatika na mlango wote ukachukuliwa na maji. Bwawa lilikuwa limejaa pomoni. Fikiria hesabu iliyowakabili: kuziba tundu lile kwa haraka ilibidi presha ya maji ipungue, na kupunguza presha maana yake ni kufungua milango mingine na kumwaga maji ambayo wakulima wa nchi tatu za jirani (nasema nchi, ingawa ni majimbo, kila moja ni kubwa kama nchi) walikuwa wameshayapigia hesabu ya mpunga. Walimwita Kannaiah Naidu, mtaalamu wa milango ya mabwawa mwenye umri wa mzee wa kupumzika nyumbani. Mafundi wakashusha vipande vya chuma kimoja baada ya kingine ndani ya maji yanayokwenda kasi, na kwa muda wa wiki moja hivi tundu likazibwa. Mvua ikawahurumia, bwawa likajaa tena msimu ule ule. Baadaye wataalamu wakashauri milango yote 33 ibadilishwe. Kwa hiyo kabla ya kwenda, uliza kazi imefikia wapi, kwa kuwa wakati wa matengenezo kiwango cha maji hushushwa.

Kuna ugonjwa mwingine wa taratibu zaidi. Lilipojengwa, lilikuwa na uwezo wa TMC 133 hivi. Leo ni karibu 106. Moja ya tano imeliwa na tope linaloletwa na mto, na tope hilo hakuna aliyepata njia rahisi ya kulitoa.

Sasa, kwa nini nalipa nafasi ya kwanza? Kwa sababu hapa unaweza kuyafuata maji kwa miguu yako. Ukilinganisha na KRS, kule maji yanaonekana kama pambo: chemchemi, taa, picha. Hapa unaona kazi yake. Mifereji inatoka ukutani kwenda Koppal na Raichur, na nchi iliyokuwa kame kwa asili imegeuka mashamba ya mpunga. Kisha unakwenda Hampi, mwendo wa nusu saa, magofu ya mji mkuu wa ufalme wa Vijayanagara ulioanza karne ya 14 na kubomolewa baada ya vita vya 1565. Kila mtu hupiga picha mahekalu. Wewe tafuta mfereji wa Turuttu. Ulichimbwa enzi za ufalme ule, na bado unapitisha maji, unanywesha migomba na mpunga katikati ya magofu. Nilikaa ukingoni mwake mchana mmoja, nikamwona mzee akifungua tuta la shamba lake kwa jembe: mapigo matatu, maji yakaingia kwenye mstari wa kwanza wa migomba, akangoja yafike mwisho, akaziba kwa donge la udongo na jani, akahamia mstari wa pili. Mfereji ule ulikuwa na karne kadhaa kabla ya bwawa la 1953, na wote wawili wanamnywesha mzee yule.

Mtoni kuna vyombo vya duara kama kikapu kikubwa, vimesukwa kwa mianzi na kufunikwa turubai, vinavyovusha watu. Milango ya bwawa ikifunguliwa kwa wingi huzuiwa kabisa, na usimshawishi mwenye chombo kwa pesa. Mto ule ukipanda haurudi nyuma kukutafuta.

Kuhusu kulikaribia bwawa lenyewe: bustani ya chini na kilima kilicho kando vinakupa mtazamo mzuri wa ukuta wote. Kwenda juu ya ukuta ni jambo la kuombea ruhusa. Jua la Hosapete la Aprili na Mei ni kali mno. Kama umepangiwa miezi hiyo na huna hiari, acha, nenda kwingine.

Linganamakki, kwa mpenda maporomoko

Hili ndilo kubwa kwa ujazo, kwenye mto Sharavati, wilaya ya Shivamogga, lilikamilika 1964. Ukienda kwa ajili ya ukuta utavunjika moyo, maana eneo la bwawa na mitambo halifunguliwi kwa kila mgeni. Watu huenda kwa ajili ya Jog, maporomoko ya mita 253 yaliyo kilomita chache chini yake, yanayoanguka kwa michirizi minne. Bwawa na maporomoko vinanyang'anyana maji yale yale. Maji yakishazuiwa hupelekwa kwenye mitambo ya megawati 1,035, kwa hiyo kiangazi Jog hubaki na michirizi myembamba kama uzi mweupe kwenye jabali. Nenda Julai hadi Septemba. Ukungu ukiziba kila kitu usiondoke, agiza chai, subiri nusu saa. Unafunguka ghafla, na ngurumo uliyokuwa ukiisikia tu inapata umbo.

Umeme huu uliwasha taa za Karnataka kwa miongo mingi, na walioulipia ni watu wa bonde lile. Vijiji vilizama, familia zikahamishiwa misituni, na hadi leo wengi wao wanapigania hati za ardhi waliyopewa badala ya ile iliyozama. Waliobaki ng'ambo ya maji walikatwa na dunia. Kwenda hospitali au shule kulitegemea kivuko, na kivuko kilikuwa na saa zake. Daraja la Sigandur lilifunguliwa Julai 14, 2025, zaidi ya miaka 60 baada ya maji kuwazunguka. Ukipita juu yake, tembea kwa miguu angalau sehemu. Treni ya usiku kwenda Talaguppa inakuacha karibu na Jog.

Supa, ambalo linapindua kanuni yangu

Nilisema mwezi ndiyo kila kitu na kwamba uende wakati wa mvua. Supa, kwenye mto Kali katika wilaya ya Uttara Kannada, ni kinyume. Ni bwawa la umeme, refu kwa kimo kuliko mengine, mita 101, lakini jembamba, mita 332 tu kati ya vilima viwili. Lilikamilika 1987 na likauzamisha mji wa zamani wa Supa. Mvua kubwa zinapoteremka, mto huwa hatari na michezo ya majini husimama. Kiangazi, mito mingine ikiwa mawe matupu, hapa mitambo inafua umeme na kuachia maji, ndiyo maana mashua za mpira za Ganeshgudi na Dandeli hupata mkondo wa kuteremka. Kwa hiyo mwenye likizo ya Desemba hadi Machi, hili ndilo lako. Ulizia siku hiyo saa ya kuachiwa maji, maana hayatoki muda wote, na uliza kama michezo imeruhusiwa msimu huo.

Kuna sababu nyingine, na kwangu ni nzito kuliko bwawa. Misitu ya wilaya hii, Haliyal, Yellapur, Mundgod na Ankola, ndiko wanakoishi Wasiddi. Wazee wao walitoka upande wetu wa bahari. Wengi waliletwa utumwani na Wareno kupitia Goa, wakatoroka au kuachiwa, wakaingia msituni. Tangu 2003 serikali imewatambua Wasiddi wa wilaya hii kuwa kabila lenye haki maalumu. Kiswahili hawazungumzi, usiwalazimishe. Wanasema Kikonkani, Kikannada, Kiurdu, na wapo Wahindu, Waislamu na Wakristo. Akina mama wao hushona *kavandi*, mablanketi ya vipande vya sari na nguo kuukuu, wakianzia pembeni na kuzunguka hadi katikati, na pembeni huwekwa viraka vilivyokunjwa viitwavyo *phula*, yaani maua. Bila maua, huambiwa blanketi liko uchi. Nunua kwao moja kwa moja, kwa bei wanayotaja. Na tafadhali, usiende kama anayekwenda mbugani kuona wanyama. Nenda na mwenyeji, salimia wazee kwanza, kamera ibaki mfukoni hadi uambiwe.

Njia ni kupitia Hubballi au Dharwad, kisha basi. Hesabu siku tatu kamili.

Almatti, kwa aliye na safari ya kaskazini

Bwawa la Almatti kwenye mto Krishna lina milango 26 na bustani kubwa zilizopangwa vizuri, na kituo cha treni kiko jirani. Maji yake hayapitishwi mita 519.6 juu ya usawa wa bahari kufuatia hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2000. Karnataka inataka kupandisha, Maharashtra inahofia mafuriko kwake. Sehemu ya mji wa Bagalkot imezama, wakazi wakajengewa mji mpya.

Sitakushauri ufunge safari kutoka Bengaluru kwa ajili yake peke yake. Lakini kama unakwenda Vijayapura kuona Gol Gumbaz, kaburi la Sultani Muhammad Adil Shah lililokamilika 1656, pitia. Na ukiwa chini ya kuba lile kumbuka kwamba waziri mkuu wa sultani huyo, Ikhlas Khan, alikuwa Mhabeshi aliyeletwa India akiwa mtumwa.

Basi, siku moja, au una watoto, au una mgonjwa wa kurudia usiku: KRS. Siku mbili tatu kati ya Agosti na Januari: Tungabhadra, bila kusitasita. Mvua kubwa na moyo wa kuvumilia kulowa: Linganamakki na Jog. Kiangazi: Supa.

Kabla hujakata tiketi, fungua gazeti la asubuhi la Karnataka. Kuna jedwali dogo la mabwawa, na lina safu mbili za mwisho: maji yanayoingia na maji yanayotoka, kwa futi za ujazo kila sekunde. Kwa KRS au Tungabhadra, safu ya yanayotoka ikiwa imepita 50,000, milango iko wazi. Funga begi siku hiyo hiyo, maana kesho wanaweza kuifunga.